Ubani Ndani ya Gari la Baba

Juzi hapa Ukunda nilimwona mtu akifunga redio mpya garini, nikahisi harufu ya waya unaoungua puani.

Nilipokuwa mdogo, baba aliifunga redio yake mwenyewe asubuhi ya harusi ya shangazi. Alasiri tukimpeleka bi harusi Msambweni kwa mumewe, kila baba akikanyaga breki redio ilizima na honi ikalia yenyewe. Mwishowe gari likagoma kabisa, jirani na nyumbani kwetu.

"Hii husuda, mwanangu," bibi akamwambia baba, akakimbilia nyumbani na kuingiza garini chetezo cha ubani.

Moshi ukazidi. Nikapiga makofi: jini anatoka!

"Mama, toa chetezo!" baba akapiga kelele.

"Nimeshakitoa zamani!"

Leo najua asubuhi ile fyuzi ilikuwa ikiungua kila mara, baba akaunga waya mtupu mahali pake, na moshi ule ulitoka kwenye nyaya.

Shangazi alifika kwa bodaboda, hina imejaa vumbi. Baba hajakaribishwa chai huko Msambweni mpaka leo.