Ndege Hawakuhudhuria Mafunzo

Levina wa Viwanja Sitini aliingia kwenye kazi ya misaada kwa mgongo. Mafuriko yalipokuja, shirika lilitafuta mtu wa kubeba ndoo, naye mgongo alikuwa nao. Akapanda cheo, akawa mgawaji, hapo ngazi ikakatika. Kila nafasi ya uratibu ikitangazwa, inashushiwa mgeni mwenye kompyuta ya begani na mafua ya vumbi.

Ndipo akaenda Morogoro kusomea usimamizi wa miradi. Alirudi hashikiki. Ukimwambia chakula kimeiva, anauliza kimeiva kwa kigezo kipi. Mumewe, Beatus, akawa "mdau".

Bosi wake, Fridolin, akasema, "Kugawa vyandarua kijijini kwenu Kisawasawa, simamia wewe. Ukifaulu, uratibu ni wako. Ukiharibu, ndoo zako bado zipo."

Levina akachora ratiba yenye rangi nyingi kuliko kabati la khanga. Siku ikafika, lori likafika, mwenyekiti wa kijiji akafika. Watu hawakufika. Palikuwa na mbuzi, na bibi mmoja mwenye goti bovu.

"Shikamoo, bibi. Watu wako wapi?"

"Marahaba. Wewe si mtoto wa Stefania? Mama yako mwenyewe yuko wapi saa hizi?"

Hapo Levina akakumbuka. Mama yake alikuwa juu ya dungu, kile kibanda cha miguu mirefu katikati ya mpunga, anaamia ndege wasile mpunga, pamoja na kijiji kizima. Na Levina alikulia humo humo dunguni! Mafunzo yalimfundisha kuchora miezi, yeye akasahau miezi ina nini ndani.

Desturi ya kazi hii ni kurudi ofisini na kuandika kwamba wananchi hawana mwamko. Kalamu ilimwasha. Lakini mwalimu wa Morogoro alikuwa ameshindilia jambo moja: mpango ukikwama, waulize wenye shida kwanza, kisha panga upya. Akampigia mama.

"Mama, shikamoo. Nimeleta vyandarua, kijiji kitupu."

"Marahaba. Mbu wanatumaliza huku shambani, wewe unavigawia milango? Ndicho ulichosomea?"

"Ndiyo nasoma sasa, mama."

Akampigia Fridolin kabla dereva hajamwahi kwa umbea. "Bosi, nimekosea ratiba. Tunagawa mashambani, kwa pawatila, yale matrekta madogo ya mkono, kila kundi la madungu lichague mpokeaji wake. Gharama mpya nakutumia leo."

Fridolin akaguna. "Endelea."

Wiki haikuisha, madungu yote yalivaa vyandarua kama maharusi. Fridolin akaja kukagua, akarudi na tope hadi magotini, akampa barua ya uratibu.

"Wanaopanga vizuri nimewaona wengi," alisema. "Anayekiri na kupanga tena siku hiyohiyo, wewe wa kwanza."

Stefania alipopata habari alipiga kigelegele hadi ndege wote wakahamia shamba la jirani. Jirani akatukana kwa sauti, hajui anamtukana mama wa mratibu.