Kesi ya Bi Ruweida Yahamia Wete

Bi Ruweida, mkulima wa mwani wa kisiwa cha Makoongwe, alimfungulia kesi mnunuzi wake, Jawad, katika mahakama ya Mkoani kwa kuchukua mwani wake bila kumlipa. Wakili wa Jawad aliomba kesi ifutwe, kwani mapatano ya kuuziana yalifanyika Wete, na mahakama ya Mkoani haikuwa na mamlaka.

Bi Ruweida hakuwa na wakili. "Mheshimiwa," alisema, "kama si hapa, nipelekeni panapostahili. Haki yangu isifutwe."

Hakimu akaamuru jalada lihamishiwe Wete.

Nje, Jawad alimwambia kwa upole, "Wete mbali, Bi Ruweida. Utachoka."

"Mwani nauvuna kwa kuinama, mwanangu. Kuchoka nshazoea."

Alivuka maji alfajiri kwenda Wete mara tano, hakukosa hata tarehe moja. Mara ya sita alisomewa hukumu: ameshinda.