Baiskeli ya Kusikilizia Habari

Vita vilipokaribia ziwa upande wa Kongo, wafanyabiashara waliotuletea betri waliacha kuvuka, na redio za mtaa wetu pale Nchelenge, ufuko wa pili, zikanyamaza. Mwenye nyumba wetu, mama mjane wa Kibemba, alikuwa na baiskeli ya kubebea samaki kutoka Kabuta. Fundi akaipindua, magurudumu juu, akaunganisha dainamo yake na redio kwa nyaya. Ukizungusha pedali kwa mkono, redio inasema. Ukiacha, inakata palepale.

Shuleni nilifundishwa kwamba nguvu haipotei, inageuka tu: bukari, ugali wetu, inakuwa nguvu ya mkono, ya mkono inakuwa umeme, umeme unakuwa sauti. Niliyakariri hayo kama kasuku.

Mtaani tulikuwa na desturi yetu. Mwenye mtu ng'ambo ndiye anayezungusha, kwa sababu hatachoka. Mimi nilikuwa na mume. Alivuka kutafuta bidhaa, na boti iliyompeleka ilirudi bila yeye. Kwa hiyo kila adhuhuri, taarifa ya habari ya Kiswahili ikikaribia, nilipiga magoti vumbini, nikashika pedali, majirani wakanizunguka.

Siku hiyo mtangazaji aliutaja mji alikokuwa mume wangu. Wanajeshi wameingia asubuhi, alisema, na raia waliokuwa bandarini...

Redio ikakata. Niliikodolea macho, nikailaani. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kilichosimama ni mkono wangu.

"Zungulusha, mwana wandi," yule mama mwenye nyumba aliniambia polepole, akiniita mwanawe.

Nilizungusha. Sauti ikarudi, inasoma matokeo ya mpira.

Waliokuwa bandarini wamefanya nini? Wamekimbia? Wamekufa? Maneno yalikuwa yamepita juu ya vichwa vyetu, na sisi, kwa akili zetu zote, tulikuwa tumemweka kwenye pedali mtu pekee ambaye asingeweza kuyasikiliza mpaka mwisho. Nilikasirika. Nguvu haipotei, alisema mwalimu. Basi ya kwangu ilikwenda wapi?

Sikuinuka. Nilizungusha muziki, nikazungusha matangazo, nikazungusha hata mikwaruzo mitupu. Majirani walitawanyika kwenda kuanua samaki wao. Mama alitaka kunipokea pedali, nikausukuma mkono wake. Bega liliwaka moto, lakini niliogopa kwamba nikiacha tena, mume wangu naye atakatika.

Jua lilikuwa limeanza kushuka mtu aliposhika gurudumu kwa nguvu, likasimama. Niligeuka na matusi yangu tayari mdomoni. Alikuwa mume wangu, peku, hana mzigo, shati limelowa hadi kifuani.

"Acha sasa, bibi," alisema. "Niko hapa."

Sikumkumbatia. Nilimtazama mdomo tu, kwa mshangao. Redio ilikuwa kimya, na yeye alikuwa bado anasema.