Miguu ya Angelina

Lazaro alizeeka akiwachemshia wengine maji. Tangu ujana wake alikuwa fundi boila katika hoteli ya watalii juu ya Karatu, pale msitu unapoanzia, na asubuhi ukungu ulimkuta amechuchumaa mbele ya pipa la chuma akichochea kuni. Mgeni akilalamika kwamba maji ni ya baridi au hayana nguvu, Lazaro aliitwa, akagonga bomba, akasikiliza, na kabla chai ya mgeni haijapoa ugonjwa wa boila ulikuwa umejulikana. Na miaka yote hiyo mkewe Angelina alikuwa nyumbani Endamarariek, akioga maji ya ndoo.

Lazaro alipostaafu, Angelina alikuwa ameanza kuugua kisukari. Alitaka kitu kimoja tu.

"Baba Hilary," alimwambia, "baridi yangu yote inakaa miguuni, tangu enzi za kukanyaga umande nikienda kuchota maji. Na mimi nataka bomba la mvua kama hao wageni wako. Maji ya moto yanishukie mpaka kwenye nyayo."

"Utaoga mpaka uchoke," Lazaro akasema.

Akajenga. Akalilaza pipa juu ya matofali, akaacha nafasi ya moto chini yake, akaweka bomba la kutolea mvuke, akasakafia bafu vizuri. Likabaki tenki la maji baridi, lile linaloyasukuma maji ya moto yatoke. Maji hayapandi mlima. Tenki lazima likae juu kuliko bafu, tena juu sana, na hilo Lazaro alilijua kuliko jina lake. Lakini mnara wa tenki ungeonekana mpaka barabarani. Majirani wangesema amerudi na hela za wazungu, sasa anatuchungulia uani. Huku kwetu mtu alime mbaazi mpaka zifike mtoni, hakuna atakayemsema; apandishe kitu juu ya paa lake, amekwisha. Basi mzee wa watu akaliweka tenki nyuma ya nyumba, juu ya matofali machache, akaliegemezea mabua ya mahindi lisionekane.

Maji yakatoka kwa kudondoka.

Lazaro akalaumu kila kitu isipokuwa mwenye kosa. Kwanza alisema hewa imenasa bombani. Akafungua viungo vyote akaitoa. Kisha akasema ni chokaa, maana maji yetu huacha ukoko mweupe hata kwenye birika. Akakwangua bomba moja baada ya jingine mpaka vidole vikachubuka. Akabadilisha koki. Akazitukana kuni, eti mgrevilea ni mbichi. Pipa lilinguruma kwa joto, mvuke ukatoka nje bure, na bafuni ni matone tu. Mganga hajigangi, lakini huyu dawa alikuwa nayo, akaificha nyuma ya mabua. Kila alipopita pale alitazama pembeni.

Mahindi yalikuwa mabichi alipoanza kukwangua mabomba. Yakavunwa bado anakwangua. Ugonjwa nao haukukaa ukimsubiri. Ganzi ilianzia kwenye vidole vya miguu vya Angelina, ikapanda. Siku moja kaa liliruka kutoka jikoni likatua juu ya mguu wake, na Lazaro ndiye aliyeshtushwa na harufu ya ngozi. Angelina aliendelea kuchambua maharage. Lazaro alilia palepale mbele yake, hakujificha.

"Hilo boila lako," Angelina akamuuliza, "linangoja nini?"

Kulipokucha akaanza kujenga mnara, kichwa chini, akiona aibu kumtazama mtu. Vedasto, jirani wa ng'ambo ya shamba, akaja, akavua koti, akaanza kubeba mawe bila kuombwa.

"Mzee Lazaro, tulikuwa tunashangaa," alisema. "Fundi mzima, tenki limekaa chini kama kuku anayeatamia. Tukasema labda ana sababu zake, tusimwingilie."

"Basi? Hamkusema lingine?"

"Tuseme nini? Mama anaumwa, mwache aoge."

Lazaro akaegemea ukuta. Maneno aliyoyaogopa muda wote ule hayakuwapo kwenye kinywa cha mtu yeyote. Afadhali yangekuwapo, angalau angekuwa na wa kumlaumu.

Mnara ulipokamilika, maji yalishuka kwa nguvu. Lazaro aliyapima kwa kiwiko, akayachanganya na ya baridi yasije yakamuunguza, akamketisha Angelina kwenye stuli, akafungua koki. Mvuke ukajaa bafuni. Maji yakampiga mabegani, naye akafumba macho, akacheka kicheko ambacho Lazaro alikuwa amekisahau.

"Kumbe ndivyo wanavyosikia hao wageni wako," alisema.

Akakaa hivyo kidogo. Kisha akafumbua macho, akainama kuitazama miguu yake. Maji yalikuwa yamejaa mpaka vifundoni.

"Baba Hilary, huku chini bado hayajafika. Ongeza kuni, labda moto ni mdogo."

Lazaro akatoka. Akachuchumaa mbele ya moto, ukuni mkononi, asiutie. Moto ulikuwa unatosha kabisa.

"Umeweka?" Angelina akauliza kutoka ndani.

"Nimeweka, mama Hilary," akajibu. "Subiri kidogo."