Mtu wa Kuondoka Hapandi Mianzi

Juzi barazani Njombe nilimkuta mwanamume kutoka Bulongwa, huko Ukinga, akidai shamba la marehemu kaka yake. "Kaka alizaliwa Ukinga, kwao ni Ukinga. Kwa mila zetu shamba linarudi kwa ndugu."

Mjane wa marehemu alijifunga upya shuka lake la mgolole, taratibu. "Shemeji, kaka yako alipofika hapa alipanda mianzi ya ulanzi. Tulingoja miaka ndipo tukagema pombe. Mtu wa kuondoka hupanda maharage."

Hakimu, Mbena wa hapa hapa, akajipiga goti kwa kiganja. "Marehemu alikuwa mtu wa Njombe. Kwa sheria ya hapa, shamba ni la mjane."

Nilitoka kifua mbele kwa hukumu hiyo. Njiani nikachungulia bustani ya Bwana Shauri, Mwingereza anayetawala wilaya yetu. Imejaa maua ya msimu mmoja.