Shimo la Matofali Makaburini

Mwaka 2014 niliwapeleka binti zangu wawili, mmoja wa miaka saba na mwingine wa minne, kwenye makaburi ya zamani ya misheni nje ya Kasulu. Babu mzaa mama amezikwa pale. Alikuwa katekista tangu enzi za Mwingereza, akizunguka vijijini kwa miguu kufundisha watu kusoma. Nilitaka wanangu wauone msalaba wake, wajue wametoka kwa nani.

Mdogo alitangulia kwa mbio. Mara nikamsikia anaita, "Mama, kuna mtu humu!"

Katikati ya makaburi palikuwa na shimo refu. Vijana walikuwa ndani wakikanyaga udongo wa matofali, tope limewafika magotini. Ukutani mwa shimo ulichomoza mfupa wa paja, rangi ya chai, na kipande cha mkeka uliooza. Mwanangu alishachuchumaa ukingoni, ananyoosha mkono aushike. Nilimnyakua.

"Nani kawaruhusu kuchimba hapa?"

"Mwenyekiti wa kijiji," kijana mmoja akajibu bila kuniangalia. "Ni matofali ya maabara ya sekondari."

Mwenyekiti mwenyewe alikuwa chini ya mkaratusi, anaongea na simu. Alimaliza maongezi yake yote ndipo akanigeukia.

"Haya makaburi ni ya zamani, mama. Wenyewe walishaisha."

"Mwenyewe ni mimi!" Sauti ilinitoka hadi koo likauma. "Babu yangu ndiye aliyemfundisha baba yako kusoma. Leo unamfukua ujengee ukuta?"

"Shule ni ya watoto wako pia," akasema taratibu, kama mtu anayembembeleza mlevi.

Hapo ndipo niliposhindwa kujizuia. Niliteremka shimoni na kitenge changu cha kanisani, nikakaa topeni chini ya ule mfupa. "Chimbeni basi! Anzeni na mimi."

Binti yangu mkubwa alikuwa analia. Mdogo akawauliza vijana kama yule mtu wa mfupa anaumia.

Yule aliyenijibu mwanzo akatupa jembe. "Mimi sichimbi tena," akasema, akatoka. Wenzake wakamfuata. Mwenyekiti alipanda pikipiki yake akaondoka bila kuaga, nami nikatoka topeni, vijana wakaufukia ule mfupa na shimo lote, wanangu wakisaidia kutupia udongo kwa viganja. Msalaba wa babu tuliukuta umelala upande, hatua chache tu kutoka ukingoni. Tukausimamisha.

Matofali yaliyokwisha kufyatuliwa yalichomwa hivyohivyo, yakajengewa. Maabara ipo, imepakwa chokaa, na nikipita pale damu inanichemka.

Baada ya wiki hivi, mwenyekiti alituma wazee wawili na kuku waje kunituliza. Wazee niliwakaribisha ndani, nikawapa chai. Kuku nikawaambia wamrudishe kwa mwenyewe.