Tope la Kaburi la Mfalme

Kuna fundi viatu mmoja ambaye kwa miaka ishirini na sita aliwaeleza watu habari za kaburi la mfalme wa kale, lile la kilima huko mashambani, na hakuwahi kulitia machoni. Usimwite mwongo. Viatu vya waliokwenda vilipita mapajani mwake, naye alikwangua soli akisoma: tope jeusi, bondeni; vumbi jekundu, mwinukoni; udongo mweupe wenye kokoto, basi hapo ndipo penyewe, kaburini. Mtaa mzima ulimwamini.

Yakamkuta siku dada wa mkewe, mwanamke asiyekaa na neno tumboni, alipotaka kupelekwa.

"Shemeji, si wewe mwenyeji wa huko? Twende."

Akikataa ataumbuka. Wakaenda.

Na njia aliijua kweli. Tope jeusi, kisha vumbi jekundu, magoti yakilia kama kitanda kibovu. Hatimaye udongo mweupe, kokoto, na rundo refu kumpita mtu. Fundi akavua kofia.

"Ee mfalme," akasema, "tumekuja kukuamkia."

"Mzee," mlinzi akaita kutoka kwenye benchi lake, "huyo unayemwamkia ni udongo uliochimbuliwa shimo la choo. Wageni wakishuka kaburini humalizia chooni hapo, na unanata huo! Kaburi ni lile kule juu, lenye nyasi."

Nyasi! Nene kama godoro, zinafuta soli yote. Kaburi lenyewe halikuwahi kufika kibandani kwake hata chembe.

Shemeji alicheka hadi akakaa chini. Alipoinuka, soli ya kiatu chake ikabaki nyuma. Fundi akatoa sindano na uzi mfukoni.

"Nikikushonea, utanyamaza?"

"Shona kwanza."

Akashona, tena mishono miwili miwili. "Haya, utanyamaza?"

"Nani, mimi?"

Wakapanda. Juu palikuwa na upepo, na mbuzi mmoja aliyemlalia mfalme bila wasiwasi. Fundi akakaa kando yake, akachimbua udongo chini ya nyasi. Mweusi, wa kawaida tu. Akaukandika kwenye soli yake mwenyewe.

Haikupita wiki, kila aliyeleta kiatu akawa anauliza, "Fundi, hili tope la chooni au la kwa mfalme?"

Naye, bila kuinua macho, huvua kiatu chake cha kushoto na kukigeuza.

"La mfalme ni hili. Linganisha mwenyewe."